Jean-Paul Sartre: mwana-filozofi aliyetaka kichwa kiende mbio kuliko mwili

Mwanafunzi wa filozofi ku Kasapa analijua jina la Jean-Paul Sartre tangu mwaka wa kwanza. Anajua vitabu vyake viwili au vitatu, anajua kwamba alikataa zawadi ya Nobel, pengine anajua pia kwamba aliandika dibaji ya kitabu cha hotuba za Lumumba. Kitu ambacho silabusi haisemi sana ni kwamba kimoja cha vitabu vinene vya huyu mzee kiliandikwa kwa nguvu ya vidonge. Si vidonge vya malaria. Ni vile vya kufukuza usingizi na kuamsha akili, na alikuwa anavitafuna kama karanga.

Habari hii iko karibu na Kasungami kuliko mtu anavyofikiri. Mitihani ikikaribia, vijana wanabloke usiku kucha, courant inakatika, simu inageuka taa, na hakukosi mwenzao mmoja anayejua komprime fulani ya kukaa macho mpaka asubuhi. Katika mji ambamo dawa nyingi zinauzwa bila karatasi ya dokta, shauri kama hilo linapita haraka toka mdomo mpaka mdomo. Maisha ya Sartre yanafaa kusikilizwa hapo, kwa sababu mtu huyu alikuwa na akili ambayo hakuna aliyeibishia, alikuwa na dawa safi ya kiwanda, tena aliishi karibu na mtu aliyeandika kwa makini yote aliyoyaona.

Alizaliwa Paris tarehe 21 mwezi wa 6 mwaka 1905. Baba yake, afisa wa jeshi la majini, alikufa mwaka uliofuata. Mtoto akakomalia nyumbani kwa babu yake Charles Schweitzer, mwalimu wa Kijerumani, mwenye ndevu nyingi na vitabu vingi zaidi. Mama yake, Anne-Marie, alikuwa binamu wa Albert Schweitzer, yule dokta wa Lambaréné, kule Gabon. Katika utoto huo kulitokea jambo moja la kukumbuka: alipokuwa na miaka mitatu au minne, ugonjwa ulimharibia jicho la kuume. Likapinda, na karibu halikuona tena. Tangu siku hizo alisoma na kuandika kwa jicho moja tu, la kushoto.

Mwaka 1924 aliingia École Normale Supérieure, shule ambamo Ufaransa inachukua wachache waliofaulu shindano kali. Wenzake walimjua kama mtu wa kazi nyingi na mizaha mingi, mpenda ndondi na piano. Mwaka 1928 akafanya agrégation, mtihani mkubwa wa wale wanaotaka kufundisha filozofi. Akaanguka. Ndiyo, Sartre mwenyewe alianguka, na wanafunzi wa deuxième session wanaweza kupumua kidogo.

Mwaka uliofuata alijipanga namna nyingine. Kwa ajili ya mtihani wa mdomo walikusanyika chumbani kwake yeye, Paul Nizan, René Maheu, na msichana wa miaka 21 aliyeitwa Simone de Beauvoir. Huyu aliletwa awaeleze Leibniz. Sartre naye aliwaeleza wengine Rousseau, saa baada ya saa, na Beauvoir aliandika baadaye kwamba hakuwa mchoyo wa akili yake hata kidogo. Matokeo yakatoka: Sartre wa kwanza, Beauvoir wa pili. Wakakaa wenzi, kila mtu na nyumba yake, kwa zaidi ya miaka 50.

Hakukuwa kidonge ndani ya chumba kile. Hata kama wangekitaka, hakikuwa bado kwenye farmasi. Anfetamini ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1887 ku Berlin, na Mromania Lazăr Edeleanu, lakini kwa miaka kama 40 hakuna aliyejua ifanye kazi gani. Mwezi wa 6 mwaka 1929, wakati ule ule Sartre na wenzake walipokuwa wanajitayarisha, mtaalamu wa kemia Gordon Alles, kule California, aliijaribu ndani ya mwili wake mwenyewe. Moyo ukapiga kwa nguvu, roho ikafurahi, usingizi ukakataa kuja.

Miaka michache nyuma ya hapo ilianza kuuzwa Marekani kwa jina la Benzedrine, kwanza kama dawa ya kunusa ya kufungua pua iliyoziba, kisha kama vidonge. Na wanafunzi hawakukawia. Mwaka 1937 ilijulikana kwamba vijana wa Iniversite ya Minnesota, ambako waganga wa saikolojia walikuwa wanaijaribu dawa hiyo juu ya wanafunzi, wameanza kuitafuta wenyewe kusudi wakeshe wakati wa mitihani. Kwa hiyo anayefikiri jambo hili ni la vijana wa leo, wa simu na TikTok, amechelewa karibu miaka 90.

Vita vikaja, na vita njo vilieneza vidonge hivi duniani. Wajerumani waliwapa askari wao Pervitin, Waingereza na Wamarekani wakawapa wao Benzedrine. Vita vilipokwisha, askari walirudi nyumbani, vidonge vikabaki kwenye farmasi. Mwaka 1944, ku Basel, Uswisi, mkemia Leandro Panizzon alitengeneza dawa nyingine ya ukoo wa karibu. Mke wake Marguerite, aliyeitwa Rita, alikuwa anaimeza kabla ya kucheza tenisi, na kutoka jina lake dawa ikaitwa Ritalin. Ndiyo hiyo mpaka leo wanapewa watoto ambao dokta amewapima akaona wana shida ya kutulia na kukaza akili, na ndiyo hiyo wanafunzi wazima katika nchi nyingi wanaitafuta bila kuandikiwa.

Sartre mwenyewe alikuwa amekwisha kuonja hatari ya kuchezea ubongo. Mwaka 1935, akiandaa kitabu juu ya mawazo na picha za kichwani, alimwomba rafiki yake Daniel Lagache, dokta wa hospitali ya Sainte-Anne, ampige sindano ya meskalini, dawa inayoleta maono. Ilikuwa kwa ajili ya utafiti, si starehe. Alitoka pale akiwa na hofu, na muda mrefu nyuma yake aliona kaa wa baharini wanamfuata njiani, wanaingia naye darasani. Alijua kwamba hawako. Aliwaona tu. Mtu mwingine angeapa asiguse tena kitu kinachoingia kichwani.

Lakini miaka ilipita na jina likakua. Alifundisha sekondari ku Le Havre, akatoa *La Nausée* mwaka 1938, akakaa mfungwa wa vita kwa Wajerumani mwaka 1940 mpaka 1941, akatoa *L'Être et le Néant* mwaka 1943. Mwaka 1945 akaanzisha gazeti *Les Temps modernes*, na kufikia hapo dunia nzima ilikuwa inamtafuta: michezo ya kuigiza, hotuba, safari, barua, mikutano, vijana mlangoni. Kazi ilizidi saa za siku. Ndipo Corydrane ikawa rafiki.

Corydrane ilikuwa anfetamini iliyochanganywa na aspirini. Ufaransa ya miaka ya 1950 iliiuza kwenye farmasi bila taabu, na waliimeza waandishi wa magazeti, wasanii na wanafunzi. Ndugu yake Maxiton ilijulikana vilevile na wanafunzi wa mitihani na wachezaji wa baiskeli. Watu wengi walimeza kimoja au viwili kwa siku. Sartre, alipokuwa anaandika *Critique de la raison dialectique*, kati ya 1957 na 1960, alifikia kumaliza tube nzima kwa siku.

Beauvoir alikuwa pale na alieleza mambo hayo katika kumbukumbu zake. Anasimulia jinsi Sartre alivyokuwa anatafuna vidonge huku mkono unakimbia toka karatasi moja mpaka nyingine, bila kurudia kusoma alichoandika, kama mtu anayefukuza mawazo ambayo kalamu haiwezi kuyafikia. Jioni maneno yalimchanganyika mdomoni na mikono ilikosa utulivu. Halafu ilikuja pombe ya kushusha joto hilo, halafu dawa ya usingizi, kwa sababu mwili uliofukuziwa usingizi mchana kutwa haulali wenyewe usiku. Asubuhi anaamka mzito, anatafuta kahawa, anatafuta Corydrane. Annie Cohen-Solal, aliyeandika maisha yake mwaka 1985, alijumlisha yote yaliyoingia mwilini kwa siku moja: paketi mbili za sigara na kiko juu yake, zaidi ya lita moja ya pombe, miligramu 200 za anfetamini, gramu 15 za aspirini, gramu kadhaa za dawa za usingizi, bila kuhesabu kahawa na chai.

Na kitabu? Kilitoka mwaka 1960, kurasa zaidi ya 750. Kuko ndani yake mawazo makubwa, hakuna anayekana. Lakini hata wanaokipenda wanakubali kwamba ni msitu: sentensi hazimaliziki, aya zinakwenda kurasa nzima, jambo moja linarudiwa mara tatu. Kitabu cha pili, ambacho kilipaswa kukamilisha cha kwanza, kilibaki bila kumalizika. Kilichapishwa mwaka 1985, mwenyewe amekwisha kufa. Sartre alikuja kukubali kwamba kingeweza kuandikwa vizuri zaidi.

Hapa inafaa kueleza dawa yenyewe inafanya nini. Anfetamini inalazimisha ubongo kumwaga kwa wingi dopamini na noradrenalini, vitu vinavyotuamsha na kutupa hamu. Mtu hasikii usingizi, hasikii njaa, kazi ya kuchosha inaonekana tamu, na anajiamini. Moyo unapiga haraka, presha inapanda. Lakini kujiamini na kufikiri vizuri ni vitu viwili. Mwaka 2023 wataalamu wa Australia walichapisha jaribio juu ya watu 40 wazima wasio na ugonjwa. Waliwapa mafumbo magumu, mfano kuchagua vitu vya kutia ndani ya mfuko ili thamani iwe kubwa bila uzito kupita kiasi, mara wakiwa wamemeza dawa za namna hii, mara wakiwa wamemeza kidonge kisicho na kitu. Waliomeza dawa walijikaza zaidi na kutumia muda mrefu zaidi, lakini ubora wa majibu yao ulishuka. Walikuwa wanasogeza vitu huku na huku bila mpango. Anayesoma matokeo hayo na kufungua *Critique* anaona kwamba Sartre alikuwa mtu wa 41.

Kuko ushahidi mwingine, na unatoka kwa Sartre mwenyewe. Katika miaka ile ile alikuwa na kazi nyingine ndogo kwenye meza, hadithi ya utoto wake: babu, mama, jicho, vitabu. Hiyo hakuiandika kwa mbio za dawa. Aliianza miaka ya 1950 mwanzoni, akaiacha, akairudia, akakata, akaandika upya. Alieleza baadaye kwamba filozofi aliweza kuiandika chini ya Corydrane, kwa sababu aliona kazi ni kufuata wazo tu, lakini kazi ya fasihi, ambamo kila sentensi inapaswa kubeba maana nyingi, haikuwezekana na vidonge. Matokeo yake ni *Les Mots*, cha mwaka 1964. Kinasomwa kwa siku mbili, na ni chenyewe ambacho walimu wa sekondari wanawapa wanafunzi mpaka leo. Kwa maneno mengine, alijua tofauti. Alijua kabisa ni kazi gani haikubali haraka.

Mwili nao ulikuwa unahesabu. Mwaka 1954, akiwa safarini katika Muungano wa Sovieti, presha ilimwangusha akalazwa hospitali ku Moscow. Mwaka 1958, katikati ya kitabu, alizidiwa tena. Dokta alisema kidogo tu moyo ungekwama. Beauvoir alipigana naye apunguze. Alipunguza, akarudi. Mbele ya watu alijitetea kwamba afya ni kitu cha kutumika nacho: kuliko kuishi miaka mingi na mwili mzima, aliona bora kukimaliza kitabu alichobeba kichwani. Ni jibu la mtu mzima aliyechagua, na haifai kulicheka. Lakini alilitoa akiwa na dokta wa kumwita usiku, pesa ya farmasi na mwenzi wa kumlinda. Kijana anayekesha peke yake Kasungami na vidonge vya kununua njiani hana hata kimoja cha hivyo vitatu.

Ni haki kusema pia kwamba miaka hiyo ya vidonge ilikuwa miaka yake ya ujasiri, na kwa upande wa Afrika ni miaka inayotuhusu. Alisimama wazi dhidi ya vita vya Algeria. Mwezi wa 9 mwaka 1960 alitia sahihi kwenye tangazo la watu 121 lililotetea vijana waliokataa kwenda kupigana huko. Wenye hasira waliweka bomu kwenye nyumba yake ya rue Bonaparte mara mbili, mwaka 1961 na mwaka 1962. Katika mwaka huo wa 1961 alikutana ku Roma na Frantz Fanon, dokta wa Martinique aliyekuwa upande wa Algeria, na aliyemfahamu Lumumba tangu mkutano wa Accra wa 1958. Fanon alikuwa ameisoma *Critique* kwa bidii, hata kuwafundisha nayo maafisa wa jeshi la ukombozi. Walianza kuzungumza saa ya chakula cha mchana mpaka saa nane za usiku. Beauvoir akaingilia, kwamba Sartre anapaswa kulala. Fanon hakufurahi, hakupenda watu wanaojihurumia. Yeye alikuwa na saratani ya damu, na alikufa mwezi wa 12 mwaka huo, na miaka 36.

Lumumba alikuwa amekwisha kuuawa, tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961, ku Shilatembo, katika barabara ya kutoka Élisabethville kwenda Jadotville, yaani Lubumbashi na Likasi za leo. Mwaka 1963 nyumba ya Présence Africaine ilitoa hotuba na maandiko yake yaliyokusanywa na Mbelgiji Jean Van Lierde, na dibaji ndefu iliandikwa na Sartre. Alimfananisha Lumumba na Robespierre wa mapinduzi ya Ufaransa, akaeleza jinsi mtu aliyetaka nchi moja alivyogongana na masilahi ya makampuni na siasa ya Katanga. Mtu wa Lubumbashi anaweza kubishana na kurasa zile, na wengi wamebishana. Lakini ni nadra mwana-filozofi mkubwa wa Ulaya kukaa chini na kuandika kwa uzito juu ya mambo yaliyotokea barabarani kwetu.

Mwezi wa 10 mwaka 1964 wakampa Nobel ya fasihi. Akaikataa, kwa kuwa hakutaka mwandishi ageuzwe kuwa ofisi.

Kazi kubwa ya mwisho ilikuwa juu ya mwandishi Gustave Flaubert, *L'Idiot de la famille*. Vitabu viwili vilitoka mwaka 1971, cha tatu mwaka 1972. Mwaka huo wa 1971 mambo mawili yalikutana. Serikali ya Ufaransa iliondoa Corydrane sokoni kwa kuwa ni sumu, na mataifa yakatia sahihi ku Vienna mapatano yaliyoweka anfetamini chini ya ulinzi mkali. Na Sartre akapigwa kiharusi cha kwanza: mdomo ukapinda, mkono ukalegea. Akapona, akarudia sigara na whisky. Haiwezi kusemwa kwamba ni kidonge peke yake kilichomwangusha; tumbako, pombe na presha vilisukuma pamoja.

Mwaka 1973 pigo jingine likaja, na damu ikavuja ndani ya jicho la kushoto. Lile la kuume lilikuwa limekwisha tangu utoto. Mtu aliyesoma na kuandika maisha yake yote hakuweza tena kusoma, wala kuona mstari anaouandika. Alikuwa na miaka 68, na kichwa kilikuwa bado kinafanya kazi. Alijaribu kusema mbele ya mashine ya kurekodi. Kijana mmoja, Benny Lévy, aliyejulikana wakati ule kama Pierre Victor, alikuwa anamsomea vitabu na kubishana naye. Sartre alikubali mbele ya watu kwamba kazi yake ya uandishi imekwisha, kwa sababu kuandika kwake kulikuwa kusoma tena alichoandika na kukirekebisha, na hilo halikuwezekana. Kitabu cha nne cha Flaubert, kile ambacho kilipaswa kufunga yote, hakikuandikwa.

Alikufa tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 1980 katika hospitali ya Broussais, ku Paris, akiwa na miaka 74. Siku nne baadaye watu kama 50.000 walifuata jeneza mpaka makaburi ya Montparnasse, wengi wao vijana na wanafunzi. Beauvoir alizikwa kando yake mwaka 1986.